Sakafu ya Nyumba na Kimo cha Mtoto

Watafiti wanaopita nyumba kwa nyumba kupima hali ya watoto huku kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo ya Kinshasa, hawamuulizi baba analipwa kiasi gani. Jibu lisingewafaa kitu. Wengi hawana mshahara, wenye nao huenda hawajauona kwa miezi, na mama anayeuza nyanya katika soko la Kadutu hawezi kukuambia alipata ngapi mwezi uliopita, maana faida ya asubuhi huwa imeshaliwa jioni. Kwa hiyo watafiti hutazama chini. Sakafu ni ya udongo, ya mbao au ya saruji? Kisha huinua macho kwenye ukuta na mabati. Maji mnachota wapi, na kwenda na kurudi ni dakika ngapi? Choo ni chenu au mnashirikiana na majirani? Mnapikia kuni, makala (yaani makaa) au umeme? Kuna redio, simu, kitanda?

Njia hii ilishika nguvu baada ya wachumi wawili, Deon Filmer na Lant Pritchett, kuonyesha mwaka 2001, wakitumia takwimu za India, kwamba orodha ya vitu vya nyumbani inaweza kusimama mahali pa mapato. Kila kitu hupewa uzito wake, uzito hujumlishwa, nyumba zote za nchi hupangwa mstari mmoja, halafu mstari hukatwa mafungu 5 yenye idadi sawa ya watu. Fungu la chini ndilo maskini zaidi, la juu ndilo tajiri zaidi. Lakini neno "tajiri" lisikupeleke moja kwa moja kwenye majumba ya Muhumba yanayotazama ziwa. Fundi cherehani mwenye sakafu ya saruji, televisheni na umeme unaokuja na kuondoka anaweza kabisa kuangukia fungu la juu. Anahesabiwa tajiri kwa sababu wengine wako chini zaidi yake, basi.

Sasa matokeo. Katika uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014, watoto 43 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini Kongo walikuwa wamedumaa. Kinshasa walikuwa 17. Kivu Kaskazini 52, Kivu Kusini 53. Ukigawa kwa mafungu ya mali, katika fungu la chini nusu ya watoto wamedumaa, na katika fungu la juu karibu 23 kwa 100. Namba hizo zimezeeka, na sioni vita vilivyotufikia mjini mwaka 2025 vingezipunguza vipi.

Mimi hunisumbua mambo mawili katika namba hizo. Sakafu inajuaje kimo cha mtoto? Na wale 23 wa nyumba zenye saruji, wao wamepungukiwa na nini?

Kudumaa si kukonda. Aliyekonda anaonekana: mbavu, mashavu yaliyobonyea, nguo inayomvuka. Wakati wa uchunguzi ule waliokonda walikuwa 8 tu kwa 100. Aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu mazuri, anacheza, anacheka, ila ni mfupi kuliko umri wake. Mvulana wa miaka 2 kwa kawaida hufika karibu sentimita 88. Aliye chini ya 82 hivi amevuka mstari. Ila nani anatembea na mita mkononi? Ukimsimamisha kati ya wenzake wa mtaani, wote ni sawa naye, na hakuna anayeshtuka. Kinachosimama pamoja na mifupa, kwa wengi, ni kinga ya mwili na ukuaji wa ubongo, navyo havina mita kabisa.

Hapo ndipo utasikia: "Hata babu yake alikuwa mfupi." Shirika la Afya Duniani lilijibu hoja hiyo kwa utafiti mrefu. Vipimo vyake vya mwaka 2006 vilitokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani, waliochaguliwa kwa sharti moja: wawe wamenyonyeshwa vizuri na kukua katika nyumba zisizo na dhiki. Hadi miaka 5 walirefuka karibu sawa, wa Accra na wa Oslo. Ukoo una neno lake, lakini hulisema baadaye. Na babu yule, naye nani alimpima akiwa na miaka 2?

Tuanze na sufuria, kwa kuwa ndiko kila mtu anakoanza. Tumbo la mtoto mwenye kilo 10 hubeba karibu mililita 300, kikombe kimoja kilichojaa vizuri. Ndani ya kikombe hicho lazima uingize kila kitu anachohitaji ili arefuke. Bugali ya muhogo, ambayo kwetu ndiyo chakula na vingine vyote ni mboga, ni wanga karibu mtupu: unga wake una protini chini ya gramu 2 katika gramu 100, wakati maharage makavu yanapita 20. Mtoto akikaa na wakubwa kwenye sahani, mara mbili kwa siku, anajaza kikombe chake kwa matonge manne, anasukuma sahani, anaenda kucheza. Ameshiba. Hakuna aliyemnyima. Mama yake akiambiwa kliniki kwamba mtoto "hali chakula vizuri", anaona ametukanwa, na namwelewa.

Basi aongeze maharage, utasema. Bei ya maharage sokoni mtu anaweza kuivumilia siku moja moja. Kinachomshinda ni makala. Maharage makavu yanataka saa mbili au tatu motoni, na mwenye nyumba maskini hanunui gunia la makala. Ananunua kadogo, kifurushi kinachotosha kuivisha bugali na kupasha sombe, majani ya muhogo, iliyotwangwa na kuchemshwa na muuzaji. Mafuta ya mawese ananunua ya siku hiyo, sukari kadhalika, chumvi kadhalika. Ukijumlisha kadogo zote za mwezi, analipa kila kilo ghali kuliko jirani aliyenunua gunia, kwa sababu tu hakuwahi kushika pesa ya gunia siku moja. Nyumba inaacha maharage kwa ajili ya moto, na watu wa miradi wanakuja kufundisha faida za maharage.

Angalia pia sambaza. Samaki huyu mdogo si wa asili ya Ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akazaliana, na leo wavuvi wanatoka usiku na taa zao kumfuata. Analiwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo ana protini na madini ya mifupa kwa mtafuno mmoja. Kama ningetakiwa kubuni chakula cha mtoto wa Bukavu, nisingebuni kingine. Lakini mama anayemuuza anajua hesabu yake: sahani ya sambaza ni mboga ya watu watatu, na pesa yake, ikigeuzwa unga, ni bugali ya nyumba nzima. Jioni anarudi na unga. Beseni linanukia samaki, sufuria hapana.

Wageni hushangaa jinsi milima ya Kabare na Walungu ilivyo kijani. Ndiyo, ni kijani. Sehemu ya ukijani huo ni chai na kinkina, mti ambao gome lake hutoa kinini, na mtoto hali kinini. Mashamba ya familia yamegawanywa baba kwa mwana hadi mengine unayavuka kwa hatua chache. Ng'ombe walioporwa katika vita waliondoka na maziwa, na waliondoka na mbolea vilevile. Ndizi zikapigwa na mnyauko. Mkulima akiuza maharage yake wakati wa mavuno ili alipe shule na deni, miezi michache baadaye anayanunua yaleyale kwa bei ya juu. Kuwa mkulima si kinga ya njaa. Wakati mwingine ndiyo anwani yake.

Baada ya sufuria, njia ya pili ya dhiki kumfikia mtoto ni muda, nayo haipati nafasi kwenye mabango ya lishe. Mtoto wa mwaka mmoja anahitaji kula kidogo kidogo mara nyingi, uji mzito wa masoso (unga wa mahindi, soya na mtama) asubuhi, kitu katikati, na mtu wa kukaa naye hadi amalize, kwa maana mtoto anakula kwa kuchezacheza. Mtu huyo ni nani? Mama ametoka saa kumi na moja alfajiri na mzigo mgongoni. Aliyebaki ni dada wa miaka 8 ambaye leo hakwenda shule. Anampa bugali baridi ya jana na maji ya kwenye bidoni, yaani dumu, na uji ukipikwa unafanywa mwepesi ili utoshe wote. Uji mwepesi unajaza kile kikombe cha mililita 300 kwa maji. Na ile bidoni ya lita 20 ilipandishwa mlima na nani? Na huyohuyo dada, au na mama kabla hajatoka. Nyumba yenye bomba uani imenunua, pamoja na maji, saa mbili za mama kila siku.

Halafu inakuja mimba nyingine. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, akifanya kazi Ghana ya leo, alieleza ugonjwa wa watoto kuvimba miguu na nywele kugeuka rangi, na baadaye akauita kwa jina alilolikuta katika lugha ya Ga ya hukohuko: kwashiorkor, ugonjwa unaompata mtoto mkubwa anapozaliwa mdogo. Jina hilo lina utambuzi kuliko vitabu vingi. Kwetu Kivu linaitwa bwaki, na limetukaa muda mrefu kiasi kwamba Bukavu iliwahi kuzaliwa kamati yenye jina hilo ndani yake, Comité Anti-Bwaki, katika miaka ya 1960. Lwiro nako, kaskazini mwa mji, ambako Wabelgiji walianzisha kituo cha utafiti wa kisayansi mwaka 1947, watoto wa bwaki wamepimwa na kutibiwa kwa vizazi.

Bwaki hudanganya macho. Mtoto anavimba miguu, kisha uso, na shangazi anayekuja kusalimia anasema amenenepa. Bonyeza juu ya unyayo kwa kidole gumba, hesabu sekunde chache, ondoa: shimo linabaki kama kwenye unga uliokandwa. Hayo si mafuta, ni maji. Ngozi inachubuka kama rangi ya zamani ukutani, nywele zinakuwa nyekundu na laini, na mtoto hataki hata kuchezewa. Huyo anatakiwa hospitali leo, hata kama utepe wa kupimia unene wa mkono unaonyesha kijani, rangi ya usalama.

Kwa muda mrefu maelezo yalikuwa mepesi: protini imepungua. Lakini kuna nyumba ambamo watoto wawili wanakula sahani moja, mmoja anavimba, mwingine havimbi. Watafiti nchini Malawi waliwafuata mapacha jozi 317 hadi umri wa miaka 3, na matokeo yalitoka mwaka 2013. Katika jozi 43 kwa 100, pacha mmoja alipata utapiamlo na mwenzake akabaki mzima. Mama mmoja, sufuria moja, mkeka mmoja. Tofauti kubwa waliyoikuta ilikuwa katika vijidudu vinavyoishi utumboni. Dhiki ilikuwa ya nyumba nzima, lakini ilimwingia aliyekuwa na tumbo lililokwisha kuharibika.

Na tumbo linaharibikia wapi? Hapo turudi kwenye sakafu. Mtoto anayetambaa anaonja dunia kwa mkono na mdomo. Kwenye udongo pana kinyesi cha kuku, mayai ya minyoo, maji ya kuoshea vyombo, na chochote kilichokanyagwa kutoka chooni. Si lazima aharishe. Anameza kidogo kidogo kila siku, na ukuta wa utumbo, ambao kwa kawaida una vinyweleo vingi vya kufyonza chakula, unawaka na kusawazika kama zulia lililochakaa. Chakula kinapita, kinachofyonzwa ni kidogo, na sehemu ya kilichofyonzwa inatumika kupigana badala ya kurefusha mifupa. Ndiyo maana mtoto anaweza kula masoso na bado asipande.

Huko Mexico serikali iliwahi kuzijengea familia maskini sakafu za saruji, kwa gharama ya dola 150 hivi kwa nyumba. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kwamba kubadilisha udongo wote wa nyumba kuwa saruji kulipunguza minyoo kwa asilimia 78, kuharisha kwa 49 na upungufu wa damu kwa 81. Hakuna aliyewapa chakula. Nilipoisoma mara ya kwanza nilitaka kupita mtaa wetu wa Panzi na toroli ya saruji.

Lakini usikimbilie. Mwaka 2018 yakatoka majaribio makubwa ya magharibi mwa Kenya na Bangladesh, na mwaka 2019 ya Zimbabwe. Kaya zilipewa vyoo bora, dawa ya maji, vifaa vya kunawia mikono. Nyingine zikapewa chakula cha nyongeza cha mtoto. Chakula kilirefusha watoto kidogo. Vyoo na maji peke yake, hapana. Bangladesh kuharisha kulipungua, kimo hakikubadilika. Kuna waliosema basi usafi si hoja. Mimi nasoma tofauti: kaya ilipewa ngazi moja ya usafi ndani ya kijiji ambacho kilibaki kilekile.

Asiyeamini aje Kadutu mvua ikinyesha. Nyumba zimepangwa mlimani kama ngazi, mlango wangu uko usawa wa bati la wa chini. Choo cha wa juu kikijaa, au akikifungulia kwa makusudi wakati wa mvua (wapo, na wanajulikana), maji yake yanapita uani kwangu, yanashuka kwa jirani, yanaingia mferejini, yanafika ziwani, na kesho yake mtu anachota bidoni huko. Mwenye saruji ndani amejikinga hadi kizingitini tu. Goma wana shida yao tofauti: kuchimba choo kwenye mwamba wa lava ni kazi ya nyundo, na wengi wanaishia na shimo fupi. Hapo ndipo ninapoiona sehemu ya jibu la wale 23 wa fungu la juu. Pesa ya nyumba moja inanunua sakafu, hainunui mtaro wa mji.

Sehemu nyingine ya jibu, tuseme ukweli, ni chai na mkate. Nyumba iliyopata nafuu mara nyingi hubadilisha uji kwa mkate mweupe na chai ya sukari, na mtoto hupewa biskuti ili anyamaze. Hilo si la umaskini.

Moshi wa makala katika chumba kimoja na vitanda vilivyobanana vinaleta nimonia na surua, sitakaa hapo. Nitakaa kwenye hospitali kidogo, maana hapo mambo huzunguka. Tiba ya utapiamlo mkali kwa kawaida haimlipishi mama: mtoto ambaye utepe wa mkono unasoma chini ya sentimita 11.5 anapewa pakiti za siagi ya karanga yenye maziwa, gramu 92 na kalori 500 kila moja, na aliye na matatizo zaidi analazwa na kupewa maziwa maalumu. Ni tiba nzuri, nimeona watoto wakirudi. Ila mama aliyelazwa na mtoto wiki mbili hauzi. Mtaji wake ulikuwa beseni la nyanya; beseni limeliwa na wanne waliobaki nyumbani. Anatoka na mtoto aliyepona na nyumba iliyoshuka ngazi moja, na ndiyo nyumba ileile iliyomfanya augue. Miezi michache baadaye namkuta tena kwenye benchi lilelile, na muuguzi anamuuliza mbele ya watu kwa nini hakufuata mafundisho.

Jirani yangu wa chini, mama wa watoto watano, alifikiwa na zamu yake ya likelemba, mchango wa kupokezana pesa, mwaka jana. Ndugu zake walitegemea angeongeza bidhaa mezani pake au angenunua gunia la mchele. Akanunua saruji, mifuko minne, na kumwita fundi siku ya Jumamosi. Dada yake mkubwa alimsema hadi mtaa ukasikia: watu wanalala njaa, wewe unapamba nyumba. Nilikuwa nimesimama hapo juu, akaniona.

"Papa, wewe unaandikaka mambo ya watoto," akasema. "Mwambie yaya, dada yangu huyu, dawa ya minyoo nimenunua mara ngapi."

Nilikuwa na Mexico yote kichwani, nikashindwa hata kuianza. Fundi alimimina chumba cha kulala, akamimina sebule, akasawazisha kwa ubao huku watoto wamepangwa mlangoni wamekatazwa kukanyaga. Mifuko minne iliishia hatua mbili kabla ya jiko. Huko, penye moto, ndiko mdogo wa mwisho anakoshinda mchana kutwa na dada yake, na kuku.